Milima ya Kongo haionekani Agosti

Mwaka juzi mpwa wangu alikuja Kigoma kwa treni, mwezi Agosti. Nikampeleka Kibirizi kunakoanikwa dagaa, nikamwonesha Ziwa Tanganyika na kumwambia ng'ambo ile ni Kongo, ina milima mirefu. Akakodoa macho. Mbele palikuwa peupe tu, moshi wa nyika zinazochomwa na vumbi la kiangazi. Alikaa wiki mbili, akaondoka hajaona hata kilima.

"Mjomba, hiyo milima unaijua mwenyewe," alinitania stesheni.

Sioni ajabu muumini kuwa na Mungu aliyejificha. Isaya 45:15 inamwita "Mungu ujifichaye", na maneno hayo ni ya mtu anayemwamini. Waislamu wenzetu wa Ujiji nao husoma katika Kurani, sura ya Al-An'am, aya ya 103, kwamba macho hayamfikii. Kwa hiyo anayedhani ameifumania dini kwa kusema "mbona haonekani?" amechelewa sana.

Anayenitoa jasho ni J. L. Schellenberg, mwanafalsafa wa Kanada. Mwaka 1993 alitoa hoja kwamba Mungu mwenye upendo kamili angekuwa tayari wakati wote kwa uhusiano na kila mtu. Basi asingekuwapo mtu anayekosa kuamini bila kosa lake. Nao wapo. Kwake, hilo linaonesha Mungu hayupo.

Mimi bado naamini. Naona hoja hiyo inaihesabu Agosti kama mwaka mzima. Ila nakiri, kwa anayekufa Agosti jibu langu ni jepesi mno.

Nisichokubali ni jibu letu la kawaida, kwamba asiyemwona amefumbwa macho na dhambi. Jirani yangu mmoja alifiwa na mtoto, akaomba miaka mitatu. Aliniambia alichokipata ni kimya. Mzee mmoja wa ibada akamwambia imani yake ni haba, na tangu siku hiyo hajarudi. Huyo mama alikuwa anatafuta kuliko sisi wote tuliokaa mabenchi ya mbele! Mpwa wangu naye hakuwa kipofu, wala hakuwa mkaidi. Alikuja Agosti, basi.

Mvua za Novemba ziliposafisha hewa, milima ikajitokeza. Nikapiga picha kwa simu, nikamtumia. Jibu lilikuja jioni:

"Mjomba, hii ni milima au mawingu?"