Katapila la zamani lisikatwe kwa gesi

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita vijijini na mizani zao, na mashine nzuri zinaishia kukatwa kwa gesi na kupakiwa kwenye lori vipande vipande. Mabati yaliyotoboka wachukue. Kinachoniuma ni makatapila, yale matrekta ya minyororo ya miaka ya 1940 na 1950, akina Caterpillar D4, D6 na D7. Mengi yanaweza kufufuliwa, na yakifufuliwa bado ni msaada mkubwa kwa mkulima mwenye vichaka anavyotaka kuvifungua.

Najua nitajibiwa nini, hasa na wazee wangu wa Dodoma: Kongwa! Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mradi wa karanga wakiwa na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Walitaka ekari 150,000 zipandwe mwaka wa kwanza tu. Januari 1951 mradi ukafungwa, karibu pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Makatapila yao mengi yalikuwa mitumba ya jeshi la Marekani iliyonunuliwa Ufilipino baada ya vita. Wakaongeza na Shervick, yaani vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers. Vichaka vya Ugogo vikawashinda. Basi watu wanahitimisha kwamba mashine kuukuu haifai porini.

Mimi somo la Kongwa nalisoma tofauti. Mashine zile zilifika kabla ya gereji ya maana, kabla ya spea za kutosha, na zikakabidhiwa madereva waliofundishwa harakaharaka. Udongo wa pale wakati wa kiangazi unakauka ukawa mgumu kama saruji, na mchanga wake unakula chuma. Njia iliyofaa ilipatikana baadaye: makatapila mawili yanakwenda sambamba yakiburuta mnyororo mzito katikati, la tatu linafuata nyuma kusukuma miti iliyogoma. Kazi hiyo haidai mashine mpya. Inadai uzito, mwendo wa taratibu na mashine iliyo nzima upande wa chini.

Huko chini ndiko ningeanzia ukaguzi. Wengi wanakimbilia injini, kumbe pesa zinamezwa na minyororo, pini na bushi zinazoiunganisha, rola zinazobeba mashine juu yake, na gurudumu la meno. Pini na bushi zilizolika upande mmoja hung'olewa kwa presi, zikageuzwa nusu mzunguko na kurudishwa, upande mzima ukaanza kazi. Rola iliyolika inachomelewa na kukerezwa upya hapahapa mjini. Lakini ukikuta kila kitu cha chini kimeisha, mashine hiyo ibaki ya kutolea spea.

Zinafuata klachi za kukatia kona. Katapila la namna hii halina usukani. Kila upande una klachi yake: ukivuta wenzo wa kushoto unakata nguvu ya mnyororo wa kushoto, ukikanyaga na breki ya upande huo linageuka. Klachi hizi ni kavu, yaani hazikai ndani ya oili, hivyo mashine ikinyeshewa misimu kadhaa, sahani zinashikana kwa kutu. Unafungua mfuniko unakuta unga mwekundu umejaa na sahani zote zimegandamana. Fundi mwenye pupa anashika nyundo na kuzivunja. Mwenye subira anazitoa moja moja, anazisugua, anabadilisha zilizoisha. Na tafadhali, vumbi la breki na klachi za zamani huwa na asbesto. Lilowanishe, usilipulize kwa kompresa.

Injini yenyewe ndiyo naipenda kuliko vyote. Pembeni yake kuna injini ndogo ya petroli, silinda 2, ambayo kazi yake ni kuiamsha ile ya dizeli. Bomba lake la moshi linapita kwenye njia ya hewa ya injini kubwa na kuipasha joto. Unaizungusha ile kubwa bila mgandamizo wa hewa kwenye silinda mpaka geji ya oili ipande, kisha unarudisha mgandamizo na kufungua dizeli. Huhitaji betri wala kompyuta, wala sensa ya kusubiri kutoka Dubai. D7 ya wakati huo inafanya kazi kwa mizunguko 1,000 tu kwa dakika, na ikipata oili safi na chujio safi la hewa inadumu sana.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni bledi, lile bamba la mbele la kusukumia, kusugua ardhi. Dereva akiishusha mno anasukuma kichaka pamoja na udongo wa juu, anavirundika mpakani, na mkulima anabaki na udongo usio na rutuba. Mahindi yakitoka ya njano lawama zinakwenda kwa mbegu! Bledi iinuliwe kidogo, au itumike reki ya meno ili udongo upite katikati. Vichaka vinavyochipua shinani, kama mathenge, ile miti ya miiba inayowasumbua ndugu zetu wa Baringo kule Kenya, vikikatwa juu tu vinarudi kwa fujo. Lazima shina ling'olewe pamoja na mzizi, na hapo panga haliwezi, wala trekta la matairi ambayo miiba inayatoboa. Mibuyu iachwe, kando ya mto paachwe, mteremko nao uachwe. Juu ya dereva lichomelewe paa la chuma, maana matawi yanaanguka bila taarifa.

Ningependa vyuo vya ufundi vya VETA vyenye karakana ya mitambo vipewe japo katapila moja la aina hii. Vijana walifungue mpaka nati ya mwisho, walifunge, kisha vikundi vya wakulima walikodi. Mafundi waliozishika mashine hizi enzi zake ni wazee sasa, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Waitwe mapema, walipwe posho ya heshima, wakae na vijana hao karakanani.