Senti tatu za Dyke

Kuna namna ya kuisoma riwaya ya Frank Norris, The Octopus (1901), inayodai kwamba wakulima wa ngano wa California na kampuni ya reli ni pacha kwa tamaa. Ushahidi upo. Magnus Derrick, mkulima anayeheshimika kuliko wote katika bonde la San Joaquin, anakubali kutoa rushwa ili tume ya kupanga nauli za mizigo ijae watu wao. Wenzake wanaukamua udongo kama watu wasiotarajia kuzeekea hapo. Hata kisa cha kweli kilichomchochea Norris, mapigano ya Mussel Slough ya Mei 11, 1880 yaliyoua watu 7, hakikuwa na malaika: mahakama ilikuwa imeshaamua kwamba ardhi ni mali ya reli.

Nayakubali hayo yote. Ila wanaosoma hivyo humruka Dyke.

Dyke alikuwa dereva wa treni, akapoteza kazi reli ilipokata mishahara. Ana mama mzee na binti mdogo. Anageukia kilimo cha hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, na kabla ya kuzama humo anakwenda kuuliza nauli. Anaambiwa senti 2 kwa ratili. Anapiga hesabu, anaweka nyumba rehani, anaingia shambani. Anaporudi kupanga usafirishaji anaambiwa ni senti 5, kwa kuwa hopsi zimepanda bei. Kanuni yenu ni ipi basi, anauliza. S. Behrman, wakala wa reli, anamjibu bila kuficha: tunatoza kiasi chote ambacho mzigo unaweza kustahimili.

Senti 3 zinaonekana chenji. Zizidishe kwa ratili 2,000 za tani moja ya Kimarekani: ni dola 60 zaidi kwa kila tani, wakati yeye alikuwa ametenga 40. Bei nzuri aliyoingojea sokoni imemezwa njiani. Tena angalia wakati wenyewe. Derrick akihonga, kampuni ina mawakili na wanasiasa wa kumjibu. Dyke hana pa kushika: mazao yako tayari, reli ni hiyo moja, na mwenye rehani ni Behrman huyohuyo. Nauli imebadilishwa baada ya yeye kushindwa kurudi nyuma. Hiyo si tamaa ya aina moja na ya Derrick, hata kama zote mbili ni tamaa. Dyke anaishia kwenye pombe, kisha kuiba ndani ya treni, kisha kifungo cha maisha.

Norris anaipa reli nafasi ya kujitetea, na utetezi wenyewe si dhaifu. Shelgrim, rais wa kampuni, anamwambia mshairi Presley kwamba ngano hujiotea na reli hujijenga. Ulaumu hali, usilaumu watu. Presley anatoka kimya, na wasomaji wengi hutoka naye wakiwa wamelainika.

Lakini dakika chache kabla, katika ofisi ileile, Presley amemsikia Shelgrim akiamua la kufanya na karani mlevi mwenye watoto. Wasaidizi wanataka afukuzwe. Shelgrim anauliza analipwa kiasi gani, kisha anaagiza mshahara wake uongezwe karibu maradufu. Neno moja tu, na tarakimu imebadilika.