Mgonjwa wa moyo aulizwe kabla ya kupasuliwa

Wiki iliyopita nilimsindikiza mzee mmoja wa kwetu kwa daktari wa upasuaji wa moyo hapa Leeds, Uingereza, kwa kuwa vali yake ya aota, yaani mlango wa kutolea damu moyoni kwenda mwilini, imekakamaa na sasa anahema akipanda ngazi. Daktari alimpa vali mbili azishike: moja ya kaboni nyeusi, yenye visahani viwili vinavyofunguka na kufunga kwa mlio mdogo, na nyingine laini, ya tishu ya ng'ombe. Alimweleza kwamba ya kwanza hudumu sana lakini humfunga mtu na vidonge vya warfarini, vya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, ilhali ya pili huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15. Akataja pia vali inayopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua, njia iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 2002. Kisha akamuuliza mzee mwenyewe anaonaje. Nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na uchungu.

Najua mtasema nimefika Ulaya nikaota mapembe. Sivyo. Naionea fahari Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kwa sababu tangu 2015 watu wetu wanafanyiwa Dar es Salaam upasuaji ambao wengi waliufuata India kwa rufaa na michango ya ukoo. Ujuzi wa madaktari wetu siutilii shaka hata kidogo. Ninacholilia ni lile swali, tena sisi tunalihitaji zaidi, maana wagonjwa wetu wengi wa vali ni vijana walioharibiwa moyo na mafindofindo yasiyotibiwa utotoni.

Binamu yangu aliwekewa vali ya kaboni akiwa msichana, katika hospitali nisiyoitaja, akarudi wilayani na cheti cha dawa tu. Aliposhika mimba ndipo muuguzi wa kliniki alipomwambia kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwanzo, na kwamba kuiacha kiholela kunaweza kuifanya damu igande na kuziba vali. Kipimo cha INR, cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, ambacho hapa huhitaji tone la damu ya kidoleni, alikifuata kwa basi mkoa wa jirani. Huenda vali ile ndiyo iliyomfaa, kwani ya tishu huchakaa haraka zaidi kwa vijana, lakini hakuna aliyemshirikisha.

Mtaniambia daktari ana foleni hadi mlangoni. Basi aeleze muuguzi. Na msiniambie wagonjwa wetu hawaelewi: mama anayeendesha hesabu za kikoba mwaka mzima atashindwaje kupima faida na hasara za vali mbili?

Wenye mgonjwa anayesubiri upasuaji, ulizeni kabla hajatia sahihi: anawekewa vali gani, kwa nini hiyo, INR atapimiwa wapi akirudi kijijini, na kama ni mwanamke, uzazi wake umefikiriwa vipi.