Kinanda Ndicho Kifuate Ilimba

Ikifika wiki ya maadhimisho yoyote hapa Dodoma, utakuta kikundi cha Wagogo kimepandishwa jukwaani. Wamefungwa njuga miguuni, kifuani wana fulana za kampeni, na wanaimba maneno yaliyoandikwa ofisini na mtu asiyejua Kigogo. Biti imetoka kwenye kompyuta. Ilimba, ala ya Kigogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole, ipo, ila imeshikwa kwa ajili ya picha, na fundi mitambo hajaiwekea hata maiki. Huo ndio tunaambiwa ni muziki wa uanaharakati. Sisi tunaona harakati zilizofika mbali zaidi ni za wanawake wawili ambao hawakuanza na kaulimbiu yoyote.

Pendo Zawose ni binti wa Hukwe Zawose, yule mpiga zeze na ilimba aliyehamia Bagamoyo na kuufikisha muziki wa Ugogo kwenye lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Leah Zawose ni mjukuu wake. Katika kundi la familia, kazi ya wanawake ilikuwa kuitikia na kucheza. Wanaume ndio walioanzisha wimbo na kushika ala za mbele. Mzee alifariki Desemba 2003. Wajukuu na watoto wa kiume waliendelea, akiwemo Msafiri Zawose, aliyetoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Ndipo Juni 2024 ikatoka albamu ya Maisha, kwa lebo ileile ya Real World, kwa jina la The Zawose Queens. Safari hii Pendo na Leah ndio wanaoanzisha wimbo.

Hapo ndipo tunapoiona harakati: nani anafungua wimbo, nani ameshika ala, na jina la nani limekaa kwenye jalada. Ukimwandikia mwanamke wimbo wa haki za wanawake, kisha ukamsimamisha safu ya nyuma amwitikie mwanamume, waliokaa uwanjani wameshaona mpangilio kabla hawajasikia neno.

Wapo watakaosema huo ni uzungu, kwamba Ugogoni mwanamke haongozi muziki. Hao hawajaona muheme. Ngoma ya muheme imebanwa kiuno katikati, na mwanamke anayeipiga huibana kwa mapaja akiwa amesimama, ameinama kidogo mbele, viganja vyote viwili vikifanya kazi. Mmoja anaongoza kwa ngoma kubwa, wenzake wanamjaza kwa ndogo, na kwa mila mwanamume hagusi. Ngozi ikilegea inaanikwa juani au inaoteshwa moto. Kwa hiyo mamlaka ya mwanamke juu ya ala hayakuletwa na mradi. Yalikuwapo, ila yalibaki uani wakati zeze linapanda ndege.

Sasa tuje kwenye kinachoharibika vikundi vya hapa vinapojaribu kuchanganya ngoma na kinanda. Tatizo la kwanza ni sauti kugombana, na wengi humlaumu mwimbaji bure. Sauti za Kigogo zinafuata sauti za asili zinazotoka kwenye mtetemo mmoja wa msingi, yaani mtetemo huo ukizidishwa mara 4, mara 5, hadi mara 9 au 10. Kinanda kimegawa ngazi yake kwa vipande sawa vya senti 100 (senti hapa si pesa, ni kipimo cha umbali kati ya sauti na sauti). Viwili hivi havilingani. Chukua do yenye mitetemo 523 kwa sekunde iwe sauti ya 8. Sauti ya 7 itaangukia kwenye mitetemo 458, wakati kitufe cha kinanda kilicho karibu, ile noti iitwayo “si bemoli” (noti ya “si” iliyoshushwa nusu hatua), kina mitetemo 466. Vikilia pamoja, sauti inatikisika mara nane kila sekunde. Mwimbaji anasikia kero, anapandisha koo kukifuata kinanda, na ladha yote ya Kigogo inaondoka hapohapo.

Dawa yake ni ndogo, ila inataka nusu saa kabla ya mazoezi. Piga do ya ilimba, isome kwenye programu ya simu ya kupimia sauti. Ikisema imezidi senti 20, pandisha kinanda kizima senti 20. Usianze kusukuma vyuma vya ilimba kukifuata kinanda. Vinasogea, ni kweli: ukikiingiza chuma ndani kinakuwa kifupi na sauti inapanda, ukikivuta nje inashuka. Lakini ilimba ina vyuma vingi ambavyo havichezwi kwa kidole, vipo vikitetemeka vyenyewe kuitikia vile vinavyopigwa. Ukibadilisha vinne tu, hivyo vya kuitikia vinanyamaza, na ala inabaki kama debe.

Baada ya hapo ingia kwenye sehemu ya kurekebisha ngazi, ambayo vinanda vingi vya Yamaha na Korg vya bendi vinayo. Do iache sifuri, re ongeza senti 4, mi punguza 14, sol ongeza 2, “si bemoli” punguza 31. Piga hizo tano tu, nyingine ziache. Mwenye gitaa ana kazi ngumu zaidi, maana kuvuta uzi kunapandisha sauti, hakushushi. Kuipata hiyo “si bemoli” iliyopunguzwa, aanzie kwenye noti ya “la”, avute hadi senti 69, asifike 100. Akishindwa, akae kwenye do na sol, hakuna atakayemlaumu. Na studio ziache ile programu ya kunyoosha sauti za waimbaji. Inaiona sauti ya 7 ni kosa, inaisogeza, na wimbo unatoka kama wa kwaya ya shule.

Biti nayo ina lake. Muheme unagawa pigo katika tatu. Mtayarishaji akifungua 4/4, yaani mapigo manne, kila pigo likiwa na vipande vinne, wapigaji watamfuata kwa adabu na kila mtu atasikia kitu kimekaza mahali. Aweke 12/8, yaani mapigo manne ya vipande vitatu vitatu, kisha arekodi ngoma kwanza, za kompyuta zije juu yake.

Jukwaani, ilimba iwekewe maiki yake, kama sentimita 15 kutoka kwenye tundu la sanduku. Juu ya tundu hilo hubandikwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo kama nyuki. Fundi asiyejua huusikia akadhani waya umekatika, anakata sauti za juu zote kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na mvumo unakufa. Mwambieni mapema kwamba mvumo ni sehemu ya sauti. Wengine huufuta utando kwa kitambaa wakidhani ni uchafu! Anayebeba ala awe na utando wa akiba kwenye kiberiti.

Kuna jambo moja halizungumzwi kabisa: pesa. Kwenye wimbo wa Kigogo waitikiaji hawako nyuma ya wimbo. Kiongozi hajamaliza mstari wao wameshaingia, na bila sauti zao wimbo ni nusu. Studio inawaandika kama wasaidizi, wanalipwa nauli na soda, halafu kwenye fomu za hakimiliki linaingia jina la kiongozi na la mtayarishaji. Andikeni asilimia kwenye karatasi kabla ya maiki kuwashwa. Mkiwa waimbaji sita na wote mmetunga sauti zenu, majina sita yaingie, kila mmoja asaini, na nakala ibaki kwa mmoja wa waitikiaji, si kwa meneja. Wimbo unaosema mwanamke ana haki ya mali huku wanawake watano walioimba hawana hata asilimia moja, sisi hatuoni unatetea nini.

Kuhusu maneno: Kigogo kina toni, na tuni inapanda na kushuka na neno. Ukitafsiri ubeti wa Kiswahili cha semina kuingia Kigogo, tuni inavunjika au maana inapotea, mara nyingi vyote viwili. Wenye ujumbe wao wawaeleze wanawake wa kikundi jambo lenyewe kwa mdomo, kisha watoke nje ya chumba. Warudi baada ya siku tatu wasikilize. Huenda neno la mradi lisiwemo hata mara moja, na bibi aliyekaa chini ya mbuyu kule Mvumi akajua kabisa anaimbwa nani.