Nuru ya Safed, mwanga wa Holmdel

Kuna dai linalorudi kila mara katika mihadhara ya dini: kwamba wanazuoni wa Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, waliujua Mlipuko Mkuu, yaani ule mwanzo wa ulimwengu uliokuwa na joto kali kisha ukatanuka, mamia ya miaka kabla ya wanafizikia. Wanaolitetea wana cha kuonyesha. Wanaolipinga, wengi wao, hulitupa bila kulichungulia. Mimi mada hii naipenda, na kwa kuwa naipenda sitaki ishikwe ovyo.

Tuanze na mtu mwenyewe. Isaac Luria alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akakulia Misri, na mwaka 1570 akahamia Safed, mji wa mlimani kule Galilaya. Alifundisha hapo miaka miwili tu. Mwaka 1572 tauni ilimchukua, akiwa na miaka 38. Yeye aliandika kidogo sana. Mengi tunayoyajua yalihifadhiwa na mwanafunzi wake, Chaim Vital. Alifundisha kwamba kabla ya chochote alikuwapo Ein Sof, Asiye na Mwisho, na nuru yake imejaa kote hata pasibaki nafasi ya kitu kingine. Ili viumbe vipate pa kukaa, akajikusanya na kujivuta, pakabaki uwazi. Huko kujivuta ndiko kunakoitwa tsimtsumu. Uzi mmoja wa nuru ukapenya ule uwazi, nuru ikamiminwa katika vyombo, na vyombo vya chini vikashindwa kuistahimili vikapasuka. Cheche zikatawanyika na kunaswa ndani ya magamba ya dunia. Kazi ya mwanadamu, kwa sala na kwa matendo mema, ni kuzikomboa moja moja.

Sasa sikiliza fizikia. Kwa miaka 380,000 hivi ya mwanzo ulimwengu ulikuwa moto kiasi kwamba elektroni zilizagaa huru, na kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikienda kidogo inagongana na elektroni na kupotezwa njia. Mwanga ulikuwapo lakini haukuweza kusafiri, kama taa za gari ndani ya ukungu mzito. Joto liliposhuka hadi nyuzi 3,000 hivi, elektroni zikashikwa na viini, atomu zikatokea, ukungu ukafunguka. Mwanga ule ungali unasafiri. Kwa kuwa ulimwengu umetanuka mara 1,100 hivi tangu siku hizo, mawimbi yake yamevutika yakawa ya redio, na joto lake leo ni nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, ile baridi ambayo chini yake hakuna nyingine. Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, Marekani, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson waliusikia kama mvumo usiokoma katika antena yao, popote walipoielekeza.

Wewe mwenyewe huenda umeuona. Tuliokua na televisheni za zamani tunakumbuka mmoja yuko nje anazungusha mlingoti wa antena, mwingine dirishani anapaza sauti: "Bado chenga, kaka! Zungusha tena!" Katika zile chenga, kama sehemu moja kwa mia ilitokana na mwanga huo wa kale. Sisi tulikuwa tunaukimbia tupate taarifa ya habari.

Hapa ndipo mtetezi wa dai anapokuwa na nguvu kweli. Kitabu cha Mwanzo kinaweka "Iwe nuru" siku ya kwanza na jua siku ya nne. Kwa karne nyingi watu waliuliza nuru gani hiyo isiyo na jua. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, ilijibu kwamba ilikuwa nuru nyingine, ambayo kwayo Adamu aliweza kuona kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, kisha Mungu akaificha kwa ajili ya wenye haki. Fizikia nayo inakubali kwamba mwanga ulitangulia nyota, tena kwa muda mrefu mno, na kwamba mwanga ule wa kwanza umetuzunguka hadi leo ila jicho haliwezi kuuona. Sura ya hadithi mbili imefanana kweli, na sioni haya kusema kwamba kufanana huko kunanigusa. Penzias mwenyewe, aliyekuwa Myahudi, aliwahi kusema kwamba vipimo bora tulivyo navyo ni vile ambavyo angevitarajia hata kama asingekuwa na chochote mkononi isipokuwa vitabu vitano vya Musa, Zaburi na Biblia kwa jumla.

Lakini kufanana si kujua. Ushahidi unaopendwa zaidi na watetezi ni wa Nahmanides, mwanachuoni wa Girona, Hispania, wa karne ya 13. Katika ufafanuzi wake wa Mwanzo aliandika kwamba vyote vilitoka katika kitu kama nukta ndogo, nyembamba, isiyo na uzito. Hapo watu hufunga kitabu na kushangilia. Ukiendelea kusoma palepale unakuta anasema kitu hicho ndicho Wayunani walichokiita hyuli, yaani mata ya asili isiyo na umbo, halafu anaeleza moto, hewa, maji na ardhi, na kwamba lile giza la mwanzo ni moto wa asili, ambao kwa hulka yake ni mweusi. Yaani alikuwa akifanya yaleyale yanayofanywa leo: kuchukua sayansi bora ya zama zake na kuisoma ndani ya Torati. Sayansi ile ya mata nne imekufa. Tunaokota sentensi moja iliyobahatika na kuziacha jirani zake.

Tena wanafizikia walijiweka hatarini. Mwaka 1948 Ralph Alpher na Robert Herman walitaja namba: mabaki ya joto la mwanzo yawe karibu nyuzi 5 juu ya sifuri halisi. Namba hiyo ingeweza kuwaumbua. Luria hakutoa namba, na hakutakiwa kutoa.

Ukizisogelea hadithi hizi, zinaachana hata pale zinapodhaniwa kukutana. Kwa Luria mwanzo ni kujivuta. Kwa fizikia ni kutanuka, tena nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka, bila uwazi uliotangulia kuisubiri. Nyota kubwa ikilipuka hutawanya kaboni, oksijeni na chuma, na miili yetu imetokana na vumbi hilo. Wengi huziita hizo ndizo cheche za Luria. Hapana. Chuma kilicho katika damu yangu hakiko utumwani. Cheche za Luria ziko uhamishoni, na zinaomba kurudishwa.

Neno hilo, uhamisho, ndilo linaloniuma likifutwa. Wayahudi walifukuzwa Hispania mwaka 1492, na Safed ya Luria ilijaa wakimbizi na watoto wa wakimbizi. Yosef Karo, mwanachuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi katika mji ule, alizaliwa Toledo mwaka 1488 na akatolewa huko akiwa mtoto mdogo. Gershom Scholem, mtafiti mkubwa wa Kabala, aliyaona mafundisho ya Luria kuwa jibu la msiba huo. Moshe Idel, mtafiti wa Kabala aliyekuja baada yake, amempinga, akisema mizizi ni ya zamani zaidi. Vyovyote iwavyo, waliomsikiliza Luria akisema kwamba vyombo vilipasuka walikuwa watu waliokwisha kuona vyombo vikipasuka. Ukimgeuza kuwa mwanafizikia aliyewahi mapema, umemnyang'anya jambo alilokuwa analisema.

Upande wa sayansi ulikuwa na mtu aliyeiona hatari hii kwa mlango wa pili. Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza na atomu moja ya asili. Novemba 1951 Papa Pius XII alitangaza kwamba sayansi imekuwa shahidi wa ile "Iwe nuru". Lemaître hakufurahi. Kwake nadharia ile ilisimama nje ya suala la imani, na asiyeamini alibaki huru kuikubali. Ningependa wanaozunguka na aya ya Kurani ya mbingu na ardhi kuwa zimeambatana kisha zikabanduliwa wamfikirie padri huyu kabla ya kupanda jukwaani.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiebrania, ambacho kwa kawaida hutumia neno moja, or, kwa yote mawili. Sisi tuna mwanga, na tuna nuru. Tukisema uso wa mtu una nuru, kila mtu anaelewa kwamba hatuzungumzii fotoni. Holmdel walipima mwanga. Safed waliomboleza nuru.

Na bado nyuzi hizi mbili ziligusana mara moja, si katika nadharia bali katika maisha ya mtu. Arno Penzias alizaliwa Munich mwaka 1933. Akiwa na miaka 6, mwaka 1939, yeye na mdogo wake walipandishwa treni zilizowatoa watoto wa Kiyahudi Ujerumani na kuwapeleka Uingereza. Miaka 25 baadaye mtoto huyo alikuwa amesimama kwenye antena, anasikiliza mwanga wa kwanza. Fizikia inaweza kutueleza mwanga ule ulipitia wapi hadi kumfikia. Juu ya safari ya treni, Luria ndiye angekuwa na la kusema.