Sungura na simbilisi banda moja: hesabu haitoki

Kwenye vilima vya mawe vya Bugarika, Igogo na Mabatini, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ardhi tambarare ni ya kugombania. Mtu akipata mita 2 kwa 1 kati ya jabali na ukuta wa jikoni, atapanga banda moja, si mawili. Akishaweka sungura humo, simbilisi wawili watatu huonekana kama faida ya bure: hawaruki, hawachimbi, na wanaokota majani ambayo sungura ameyaangusha. Hapo ndipo swali la kuwachanganya linapoanzia, na si swali la kipuuzi.

Wanaowachanganya wana hoja. Wanyama wote wawili huishi kwa majani na nyasi kavu, wote huamka zaidi alfajiri na jioni, na wote hula tena kinyesi chao laini ili kupata virutubisho. Koksidia, kimelea cha tumboni na adui mkubwa wa vitoto vya sungura, si ileile inayomsumbua simbilisi. Tena ugomvi wa wazi si wa kila siku. Sungura jike mpole anaweza kulala ubavuni mwa simbilisi miezi mingi bila jeraha lolote kuonekana.

Tatizo ni kwamba mambo yanayomuua simbilisi katika banda hilo kwa kawaida hayaonekani.

La kwanza ni bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica. Sungura wengi humbeba puani na kooni bila kuumwa. Pengine wanapiga chafya kidogo tu. Akimfikia simbilisi, kwa hewa, kwa chombo cha maji au kwa mikono ya mfugaji, huweza kuleta homa ya mapafu: makamasi, macho yenye tongotongo, kuhema kwa shida, kukataa chakula, kisha kifo. Kwa hiyo kusema "sungura wangu ni wazima" si kinga. Mzima ndiye hasa anayeeneza bila kushukiwa.

La pili ni chakula, na hapa majani yanayofanana yanadanganya. Mwili wa sungura hujitengenezea vitamini C. Wa simbilisi hauwezi, kama wetu. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mwenye mimba awe upande wa juu. Peleti za sungura, yaani chakula cha dukani cha punjepunje, hazimtoshelezi, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa ajili yake. Akikosa kwa wiki mbili tatu, kiseyeye huanza: manyoya yanasimama, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, naye anajikunyata pembeni asitake kutembea. Mfugaji hudhani amekanyagwa. Dawa yake si ghali. Gramu 25 za pilipili hoho mbichi zina takriban miligramu 20, na kipande cha pera cha uzito huohuo kina zaidi ya hapo. Lakini mpe hoho ndani ya banda la pamoja, uone ni nani anayeimaliza. Kuyeyusha vidonge kwenye maji nako hakusaidii sana, maana vitamini hiyo huharibika upesi kwa mwanga na joto.

La tatu ni dawa. Jamii ya penisilini, amoksilini ikiwamo, huua bakteria wazuri wa tumboni. Kwa sungura ni hatari ikipita mdomoni. Kwa simbilisi ni hatari hata kwa sindano. Banda likiwa na chombo kimoja cha maji, dawa ya mmoja inakuwa ya wote.

Uzito ndio unaozungumzwa zaidi, na ni kweli: sungura mweupe wa New Zealand hufika kilo 4 au 5, simbilisi mkubwa hana hata kilo moja na robo. Radi za usiku za ziwani zinatosha kumfanya sungura aruke na kupiga teke la nyuma, na teke hilo huvunja mbavu au uti wa mgongo bila kuchana ngozi. Dume la sungura ni baya zaidi, kwa sababu humpanda simbilisi kama jike lake.

Inabaki hoja ya upweke, ambayo ndiyo yenye huruma kuliko zote. Simbilisi kweli hapaswi kukaa peke yake. Uswisi iliweka jambo hilo kwenye sheria mwaka 2008. Ila sungura hazibi pengo hilo. Sungura huinamisha kichwa akiomba kulambwa, simbilisi haelewi, sungura anakasirika na kumng'ata. Simbilisi naye hulia na kuita kwa sauti, sungura hajibu. Mwenzake simbilisi ni simbilisi.

Kwa maoni yetu, basi, wasichanganywe, hata pale wanapoonekana kupatana. Na ile nafasi ya mita 2 kwa 1 inatosha kuwatenga. Mpe sungura sentimita 90 kwa 60, sakafu ya wavu iliyoinuliwa ili mkojo ushuke. Simbilisi wawili wape 110 kwa 60, sakafu ya ubao yenye maranda au nyasi kavu kina cha sentimita 5, kwa kuwa miguu yao midogo hunasa na kuvunjika kwenye wavu. Sentimita 40 zilizobaki mbele ni za kusimama ukisafisha. Usimweke sungura juu ya simbilisi: mkojo na vumbi vitawashukia.

Katikati weka plaiwudi nzima kutoka chini hadi paa, si wavu. Wapo wanaoshauri simbilisi wakae upande upepo unakotoka, lakini kando ya ziwa ushauri huo unafaa nusu siku tu: mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Ukuta usiopitisha hewa haujali saa.

Kila asubuhi hudumia simbilisi kwanza, sungura baadaye, na vyombo visibadilishane. Kama tayari walikuwa pamoja, watenge leo, kila mmoja apate mwenzake wa aina yake, dume na jike wasiwekwe pamoja kama huhitaji vitoto. Kisha waangalie simbilisi kwa wiki mbili: dalili za mapafu mara nyingi hujitokeza ndani ya siku 5 hadi 7 baada ya kuambukizwa. Anayehema kwa tumbo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na daktari aambiwe mapema kuwa mgonjwa ni simbilisi, kabla hajafungua chupa ya penisilini.