Nyuma ya Mlango Kuna Nafasi ya Kabati: Mpe Fundi Cherehani Vipimo

Chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3, kama vilivyo vingi huku Mabatini na Igogo, Mwanza, kina sakafu ya mita 9 za mraba. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinachukua karibu mita 2.8. Ingiza kabati, meza ya televisheni, mtungi wa gesi na ndoo za maji, kinachobaki ni njia ya kupita kwa ubavu. Wakati huohuo nyuma ya mlango, sentimita 80 kwa 200, kuna mita 1.6 za mraba zinazobeba msumari mmoja na suruali ya jana.

Nafasi hiyo inatosha kabisa kwa oganaiza ya mlangoni, ule mfuko mrefu wenye vimfuko vingi ambao wengi wetu tunauona ni wa viatu tu. Kwa mpangaji wa Mwanza sijaona njia rahisi zaidi ya kupata nafasi bila kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Ila nina sharti moja: ushonwe na fundi, kwa vipimo vya mlango wako na vya vitu utakavyoweka. Ile ya dukani, yenye safu 6 za vimfuko vinne vinne, inawaangusha watu wengi, na baada ya hapo wanaamini wazo zima halifai.

Tatizo la ile ya dukani linaanzia kwenye kitambaa. Nyingi zimetengenezwa kwa kile kitambaa cha mifuko mbadala, tuliyoanza kubeba sokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Kitambaa hicho hakijafumwa. Nyuzi zake zimegandamizwa tu kwa joto. Sindano ikishapita, kila tundu ni mwanzo wa kuchanika, na uzito ukivuta, mshono wote unafunguka kama stempu. Jua la dirishani nalo linakikausha mpaka kinapukutika. Tatizo la pili ni vimfuko vyenyewe, vyote saizi moja, wakati vitu vya nyumbani havina saizi moja.

Nenda soko la Mlango Mmoja ukatafute suruali nzito za jinzi za mitumba, au ununue turubai jepesi la pamba. Kwa turubai lenye upana wa mita 1.5, mita 2 zinatosha. Kata mgongo wa sentimita 64 kwa 170. Kinachobaki pembeni kina upana wa sentimita 86 na urefu wa mita 2. Hapo unapata vipande 6 vya sentimita 26 kwa 96. Vitano ni safu za vimfuko, cha sita ni akiba ya viraka.

Hapa ndipo fundi asiposimamiwa huharibu. Ukimwambia tu akushonee mfuko wenye vimfuko, atachukua kipande chenye upana sawa na mgongo na kukigawa kwa mishono tu. Vimfuko vinatoka bapa. Ukiingiza kopo, mgongo wenyewe unajikunja, na safu nzima inavutwa upande mmoja. Kimfuko kinahitaji tumbo. Kwa kimfuko kinachoonekana cha sentimita 15, kitambaa chake kiwe sentimita 23, yaani mkunjo wa sentimita 4 kila upande. Vinne mara 23 ni 92, na 4 zilizobaki ni za pindo mbili za pembeni. Mikunjo ilazwe chini na ishonwe pamoja na upindo wa chini, kisha mshono urudiwe mara tatu kwenye pembe za juu za kila kimfuko, maana hapo ndipo mkono unapovuta kila siku. Uzi uwe wa nailoni. Wa pamba unaoza mapema kwenye unyevu wetu wa ziwani.

Juu na chini ya mgongo fundi akunje mfereji wa kupitishia fimbo. Bomba la plastiki la kupitishia waya za umeme, la milimita 20, likikatwa sentimita 58, linafaa sana: halishiki kutu wala haliliwi na wadudu. Fimbo ya juu inazuia mfuko usilegee katikati. Ya chini inauvuta unyooke, na bila hiyo mfuko unapepea kila mlango unapofunguliwa, unapiga ubao na kumwaga vilivyomo. Upepo wa mchana kutoka ziwani unajulikana. Shona na vipande viwili vya velkro kwenye pembe za chini, wenzake ubandike mlangoni, kelele zitaisha.

Sasa ndoano za kuutundika mfuko juu ya mlango, sehemu ambayo watu hawaipimi kabisa. Kati ya ukingo wa juu wa mlango na fremu kuna mwanya mdogo, mara nyingi milimita 2 au 3. Ndoano ya chuma bapa cha milimita 3 haipiti, na ukiulazimisha mlango kufunga, unazing'oa skrubu za bawaba taratibu. Kipimo rahisi ni blade ya msumeno wa chuma. Moja ina unene wa milimita 0.6 hivi. Ukiweka mbili pamoja juu ya mlango na mlango ukafunga bila kukwaruza, ndoano ya bati la milimita 1 itapita. Fundi wa kuchomelea anakukatia vipande vitatu vya upana wa sentimita 2.5, anavikunja kufuata unene wa mlango wako na kuongeza milimita 1 tu ya ziada. Pima unene huo mwenyewe kwa rula. Milango mingi ya mbao ni sentimita 4 hadi 5, ndiyo maana ndoano za kununua ama zinabana ama zinachezacheza. Kwa ndani ya mkunjo bandika kipande cha tyubu ya baiskeli, rangi ya mlango isichunike.

Kipimo hicho kifanye wakati wa mvua kama unaweza. Mbao hunywa unyevu na kuvimba. Ndoano iliyopita vizuri Agosti inaweza kukwama Novemba, vuli ikikolea, na mpangaji akadhani mlango ndio mbovu. Kama mwanya wako ni mwembamba kiasi hicho, achana na ndoano kabisa, tumia skrubu tatu za inchi moja kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Kwenye mlango wa flashi, ule mwepesi wenye uwazi ndani, skrubu zikae kwenye ukingo wa juu tu, sentimita 2 au 3 kutoka ncha, kwa sababu hapo ndipo penye ubao mzima. Katikati kuna ngozi nyembamba ya plaiwudi, na skrubu itatoka na kipande chake.

Uzito ndio unaoamua mlango utadumu au la. Kwa mlango wa ndani wa kawaida nisingepita kilo 6 kwa mfuko wote, na ukiwa wa flashi ningeishia 4. Lita moja ya mafuta ya kula peke yake inakaribia kilo moja, kwa hiyo chupa kubwa hazina nafasi hapa. Vizito kiasi viweke kwenye vimfuko vya upande wa bawaba, vyepesi upande wa kitasa. Kilo ileile ikikaa sentimita 70 kutoka bawaba inavuta skrubu kwa nguvu karibu mara tano ya ikikaa sentimita 15. Mlango ukianza kukwaruza sakafu kwenye pembe ya kitasa, punguza mzigo kwanza, kisha kaza skrubu ya bawaba ya juu. Kabla ya yote, angalia mlango ukifunguka unaegemea wapi. Mfuko uliojaa una unene wa sentimita 8 hadi 10, na mlango uliokuwa ukilala ukutani sasa utaishia njiani, au utabamiza kona ya kitanda.

Kuhusu matumizi, viatu nitavipitia haraka. Safu 5 za vinne ni vimfuko 20, jozi 10. Kandambili, sendo na raba za watoto ni sawa. Buti na viatu vizito vya ngozi hapana: uzito ni mwingi, na ngozi iliyobanwa kwenye kitambaa msimu wa mvua inaota ukungu. Ukishuka kilimani na tope, kiatu kikauke kwanza ndipo kipande mlangoni.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni ya watoto wa shule. Safu tano ni siku tano. Jumapili jioni kila siku ya wiki inapata soksi, chupi, tai, leso na nguo ya michezo kwa siku inayohusika. Safu ya juu iwe Ijumaa na ya chini Jumatatu, kwa sababu mtoto mdogo anajifunza kuchukua mwenyewe akianzia pale anapofika. Wakiwa wawili, kila mmoja anapata vimfuko viwili kwa siku. Asubuhi ya saa kumi na mbili hakuna anayepekua kabati kutafuta soksi moja, na mama hapigi kelele.

Mtoto mchanga naye anastahili mfuko wake: nepi zilizokunjwa, vitambaa vya kucheulia, kofia, mafuta, pamba. Unafikia kila kitu kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba. Kwa mfuko huo mwambie fundi safu mbili za juu zitumie wavu badala ya turubai, ili uone ndani bila kuchungulia.

Dawa zinahitaji uangalifu. Pakiti za ORS, dawa za maumivu, bandeji na kipimajoto viwe juu ya sentimita 150 kutoka sakafuni, kwenye kimfuko chenye zipu. Hata hivyo zipu haimzuii mtoto wa miaka minne anayejua kuburuta stuli, kwa hiyo nyumba yenye wadogo vidonge vikae kwenye kisanduku chenye kufuli. Viwembe, mafuta ya taa, sumu ya panya na betri ndogo za vidonge visikaribie mlango kabisa.

Jikoni nina msimamo mkali. Vifuniko vyepesi vya sufuria, mwiko, chujio, vibiriti, foili, taulo za jikoni, haya yote sawa. Vyakula vilivyo wazi hapana. Dagaa wa soko la Mwaloni ukiwaning'iniza kwenye kitambaa, harufu itaingia kwenye nyuzi na haitoki kwa sabuni yoyote, na panya watapata ngazi. Dagaa wakae kwenye ndoo yenye kifuniko. Makombo yanayodondokea kwenye pembe za chini za vimfuko ndiyo yanayoita mende, ndiyo maana mfuko wa jikoni ningeushona wote kwa wavu, uchafu upite na hewa ipite. Kama mlango uko karibu na jiko la gesi au la mkaa, usiweke kitambaa chochote hapo. Viungo navyo vinapoteza harufu vikikaa kwenye joto na mwanga.

Bafuni tumia plastiki angavu ya kufunikia meza, na kila kimfuko kitobolewe matundu matatu chini kwa msumari uliopashwa moto. Tundu la msumari wa moto halichaniki, kwa sababu plastiki inayeyuka na kuganda pembeni. La mkasi litaendelea kupasuka. Kwa nyumba za choo cha pamoja uani, shona kipande kidogo cha vimfuko sita chenye kitanzi: unatoka nacho, unakitundika, unarudi nacho.

Vyeti na kitambulisho cha taifa visiwekwe mlangoni. Vinakunjika, vinapata unyevu, na ni kitu cha kwanza mgeni mwenye nia mbaya kukifikia. Hali kadhalika usiutundike mfuko kwenye mlango wa nje wa nondo, ambao mkono unapita. Kinachofaa karibu na kitasa ni tochi, chaji, waya wa simu na funguo za akiba. Umeme ukikatika usiku, unapapasa sehemu moja inayojulikana.

Wenye saluni nao wafikirie jambo hili. Rasta zikipangwa kwa namba ya rangi, kimfuko kimoja kwa namba moja, mteja anachagua amekaa kitini, na pakiti iliyofunguliwa haipotei chini ya meza. Hapo plastiki angavu ni bora kuliko turubai, na uzito si tatizo kabisa.

Kufua ni mara moja kwa mwezi, wa jikoni kila wiki mbili. Chomoa fimbo, geuza vimfuko nje, loweka kwa maji ya sabuni, sugua pembe kwa mswaki wa zamani. Uanike kichwa chini, midomo ya vimfuko ikitazama ardhi, na usiurudishe mlangoni mpaka mikunjo ya chini iwe mikavu. Iguse kwa kidole: hiyo ndiyo inayokauka mwisho, na ukungu huanzia hapo.